Siku Bonifasi Alipomjibu Mtani Wake

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nafasi hii nimeiomba muda mrefu, nashukuru leo nimepewa.

Kwanza nawataja waliokuwepo siku ile, maana jambo lenye mashahidi halihitaji kuapa. Nilikuwepo mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu baba na mama. Alikuwepo mdogo wangu Bonifasi, ambaye ndiye habari yenyewe. Alikuwepo Hilda, kitinda mimba wetu, aliyetoka kwa mumewe kule Kinjumbi ili anisaidie kumshika Bonifasi mkono wa pili. Alikuwepo jirani yetu Mama Zuhura, amekuja kupima presha. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama mlangoni. Nesi wa zahanati alikuwepo na mizani yake, na akina mama wamepakata watoto. Na alikuwepo Bwana Ngonyani, mratibu wa afya ya akili wa wilaya, Mngoni wa Songea. Hao wote wapo hai, mnaweza kuwauliza.

Ndugu zangu, sisi ni Wamwera, lakini baba alihamia huku upande wa Njinjo kutafuta mashamba ya ufuta. Akafariki, na mama akamfuata kabla hatujamaliza kumlilia baba. Nilikuwa darasa la sita. Niliikunja sare nikaiweka chini ya godoro, nikashika jembe. Nililia kwa ajili ya shule, sitawaficha, na hata sasa watoto wakipita asubuhi na madaftari huwa nasimama kidogo kuwaangalia.

Lakini nyumba ile ilikuwa na furaha kwa sababu ya Bonifasi. Alimwiga mwalimu mkuu, akamwiga mzee wa kanisa anavyokohoa kabla ya kuomba, akamwiga hata beberu wa jirani. Nikiivisha ugali mgumu ananiambia, "Dada, huu tusile, tujengee jiko." Tulilala na njaa mara nyingi, lakini tulilala tunacheka.

Alipokuwa kijana akaugua. Aliacha kulala. Akawa anazungumza na watu tusiowaona, tena anawaogopa. Baadaye akanyamaza kabisa na kutembea tu kwenye mashamba ya watu. Wajomba walimpeleka kwa mganga kule Pande, akarudi vilevile. Wengine wakasema bangi, wengine wakasema pepo. Halafu msimu mmoja aliingia shambani kwa Mama Zuhura, akautawanya ufuta wote aliokwisha kuusimamisha ukauke. Mkutano ukaitwa. Wajomba wakataka afungwe kamba kwenye nguzo ya banda. Nikawaambia, "Mkimfunga yeye, nifungeni na mimi, maana chakula chake nampa mimi." Mwenyekiti akasema tutapewa mpaka mavuno yajayo. Hali isipobadilika, Bonifasi aondoke kijijini.

Aende wapi? Hakuna aliyesema.

Nilimlilia Mungu, ndugu zangu. Niliomba apone, ndiyo, lakini zaidi ya hapo nilitamani kuisikia sauti yake. Yupo mbele yangu, namuogesha, namnyoa nywele, na bado nina hamu naye kama mtu aliyesafiri mbali. Nilipika ugali mgumu kwa makusudi ili aseme neno. Aliula, akanawa, akatoka nje.

Nilimwomba Mungu anyooshe mkono wake, naye akanitumia Mngoni!

Bwana Ngonyani alielezwa habari zetu na mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja nyumbani bila polisi na bila kelele, akaketi kwenye mkeka akamwamkia Bonifasi kwanza, kisha mimi. Akanieleza kwamba haya ni maradhi kama maradhi mengine, yana dawa, na dawa zake hazikatizwi hata mgonjwa akionekana mzima. Kwa hiyo wanaosema kumeza dawa ni kukosa imani, mimi nawaambia nilimeza maneno yao miaka mingi na hayakumtibu mtu.

Wakati huo kliniki ya wagonjwa wa akili ilikuwa Jumatatu, peke yake. Watu waliiita Jumatatu ya Vichaa. Ukipita na mgonjwa wako, watoto wanakufuata wanaimba. Wengi waliwaficha ndugu zao ndani, na Bwana Ngonyani akawa anatoka mjini na dawa anakuta benchi tupu. Aliniambia alirudi halmashauri akaomba kliniki yake iunganishwe na siku ya kupima watoto na presha. Wakubwa wake wakamjibu kwamba akina mama watakimbia, na watoto watakosa chanjo. Hakuchoka. Kila kikao alilirudisha jambo lilelile, mpaka wakamkubalia siku hiyo, Alhamisi, ijaribiwe kijijini kwetu.

Dawa zilimsaidia Bonifasi. Alilala usiku, akaacha kuwaogopa wale tusiowaona. Lakini alibaki kimya, na watu walibaki mbali naye. Na mavuno yalikuwa yamekaribia.

Ndipo ikafika Alhamisi ile. Tuliingia zahanati, Hilda huku na mimi huku. Akina mama wakawavuta watoto wao. Mama Zuhura alikuwa mwisho wa benchi, mkono umefungwa kile kitambaa cha kupimia presha, hawezi kuondoka. Tukaketi karibu naye. Nilimwona mwenyekiti pale mlangoni anatutazama, nikajua anachokipima yeye si presha.

Bwana Ngonyani akatoka chumbani, akasimama mbele ya Bonifasi, mikono kiunoni. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nani kamfungulia huyu Mmwera? Babu zake walipowaona babu zangu walipanda juu ya miti. Naona huyu ndiye wa kwanza kushuka."

Ndugu zangu, moyo ulinipasuka. Mgonjwa anatukanwa mbele za watu! Nilitaka kusimama, Hilda akanishika nguo. Halafu nikakumbuka kwamba tangu Bonifasi augue, hakuna mtu aliyewahi kumtania. Walimuogopa, walimhurumia, basi. Na Mngoni ni mtani wetu, matusi yake kwetu ni mchezo.

Bonifasi aliinua uso. Akamtazama yule bwana kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi:

"Tulipanda ili tuone vizuri mnavyoiba kuku."

Mama Zuhura ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka nesi akamwambia presha yake haisomeki. Mimi sikucheka. Niliinama nikalia kwenye kanga yangu.

Mwenyekiti akasema palepale mlangoni, "Mtu anayemjua mtani wake, akili zake zipo. Abaki."

Kanisa, msidhani mambo yote yalinyooka. Kuna mwezi dawa hazikufika, na Bwana Ngonyani akazileta kwa bodaboda kwa sababu gari la idara lilikuwa safari nyingine. Na Bonifasi niliyemlea hajarudi kamili. Anacheka, halafu katikati anaacha, anaangalia pembeni. Bado namsubiri huyo aliyebaki. Lakini analima, anakula nasi sinia moja, na Alhamisi yake anakwenda mwenyewe. Benchi sasa halitoshi watu.

Kwa hiyo wewe uliyemfungia ndugu yako ndani, nakusihi kwa jina la Yesu, mtoe. Mwamini Mungu, na umlete Alhamisi. Ukiona haya nitamshika mimi mkono wa pili.

Bwana Ngonyani amehamishwa. Mwaka huu tulipata habari kwamba mama yake amefariki huko Songea. Mnajua kazi ya mtani msibani. Bonifasi alivaa shati lake zuri, akafunga begi, akaketi barabarani tangu asubuhi. Mvua zilikuwa zimekata njia, hakuna gari lililopita. Yule mama akazikwa bila Mmwera wa kuruka kaburini na kuwazuia wasifukie, bila mtu wa kumsema mpaka wafiwa wacheke. Mtoto wake alimtania ndugu yangu siku ambayo hakuna mwingine aliyethubutu. Siku yake ilipofika, sisi hatukuwepo.