Vichwa vya Lifti

Benchi la mlango wa pili, kwenye yale maghorofa ya pembeni mwa mji wa Pleven, Bulgaria, ikifika kahawa ya saa nne halikosi watu. Siku hiyo Stanka, msimamizi wa jengo, alitoka na daftari lake. Gharama za paa, alisema, zinagawanywa kwa ukubwa wa nyumba. Za lifti, kwa vichwa vinavyoipanda. Na nyumba ya Mzee Lyuben, ghorofa ya saba, bado iliandikwa wawili, ilhali mkewe Nevena alizikwa Machi na tangazo la msiba lingali limebandikwa mlangoni. Lyuben aliinamia kikombe chake. Kulipa hakukumsumbua hata kidogo. Alichoogopa ni ile kalamu kumpiga Nevena mstari.

— Mzee wangu, nifute au nisifute? Mwenzio nimechanganyikiwa.

— Acha wawili, alisema Lyuben.

— Wawili nani na nani?

Gencho, waliyemwita Profesa eti kwa kuwa alifundisha mazoezi ya viungo, alitema ganda la alizeti.

— Si mbwa anahesabika kichwa? Mwandikie mbwa.

— Hana mbwa.

— Atafuga. Andika mapema.

— Acheni hizo, alisema Minko, jina la kijiweni Moshi, sigara mdomoni. Tugawe kwa kilo. Lifti inabeba uzito, haibebi majina. Lyuben na lile tumbo ni wawili kamili.

— Wewe ulivyokonda tukuandike robo?

— Robo yenyewe ya kupandia tu. Kushuka silipi, lifti inajishukia yenyewe.

— Basi wa ghorofa ya chini tumlipe sisi, kwa kutoichosha.

— Jamani mnanivuruga, alisema Stanka. Nimekuja na hesabu moja, sasa ninazo nne.

Lyuben alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Miaka thelathini na nane Nevena ndiye aliyebonyeza kitufe cha saba, yeye akiwa na mizigo mikononi. Siku hizi anabonyeza mwenyewe.

Hapo akatokea Ralitsa, mpangaji mpya wa ghorofa ya tano, na mfuko wa viazi, tumbo limemtangulia.

— Samahani dada Stanka, mimi naandikwa vichwa vingapi?

Stanka alipekua daftari, mbele na nyuma. Profesa akachungulia maganda yake. Moshi akazima sigara.

— Sogeeni, alisema Lyuben. Wakae.

Stanka hakuuliza wao akina nani. Alifunika kalamu, akasogea.