Mama Auleria na Ufunguo wa Bomba

Baada ya miaka thelathini ya kuamka kabla ya jogoo, Mama Auleria Leodegar anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, kutoka Mradi wa Maji wa Mkwajuni Juu, hapa Chanika. Aliajiriwa kufagia. Anaondoka akiwa mwendesha pampu, na nusu ya mtaa hawamjui kwa jina jingine zaidi ya Mama Bomba.

Alizaliwa Muleba, ambako bibi yake aliteka maji kwa kibuyu, mama yake kwa debe, na yeye kwa ndoo ya plastiki. Vyombo vilibadilika, kichwa kilikuwa kile kile cha mwanamke. Mwenyewe husema kwamba karne na karne maji yamekuwa ya wanawake kubeba na ya wanaume kuamua. Alipofika Chanika mwaka 1996 akakuta mambo ni hayo hayo: foleni yote kanga, na ufunguo wa bomba uko mfukoni mwa Mzee Kasimiri.

Marehemu tusimseme vibaya, Mzee Kasimiri alikuwa mtu wa watu. Ila akienda msibani, ufunguo ulikwenda naye. Akienda kutazama mpira, nao ulitazama mpira. Nyumbani kwake maji aliyakuta bafuni yakimsubiri, basi hakuona haraka ya nini.

Asubuhi moja Demetria, mjamzito wa miezi tisa, alikuwa amekalia ndoo yake akisubiri tangu alfajiri. Uchungu ukamshika hapo hapo. Mtoto alizaliwa nyuma ya tangi, wanawake wamezungushia kanga, na maji ya kumwogeshea yamejaa humo tangini, hakuna wa kuyafungulia. Mama Auleria alitupa ufagio akaenda moja kwa moja kwenye kamati, akataka ufunguo ukae kwake.

Loo, yalizuka maneno! Wajumbe waliuliza mwanamke akishinda na pampu, mumewe atapikiwa na nani. Ndipo mumewe, Mwalimu Leodegar, aliposimama kule nyuma na kusema kwamba ugali anajua kuusonga. Watu walicheka mpaka wakasahau kukataa. Mama akapewa ufunguo kwa majaribio ya mwezi mmoja, na mwezi huo haujaisha mpaka leo. Ugali wa Mwalimu tumeula sote. Kwa kweli ni mgumu.

Tangu hapo bomba likawa linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, mvua inyeshe, sikukuu iwe. Wasichana wakaacha kuchelewa shule kwa sababu ya foleni. Demetria leo ni mwenyekiti wa kamati yetu. Yule mtoto wa nyuma ya tangi, Tekla, anaendesha boza la maji, na wanaume wanaomkodolea macho barabarani huwapigia honi.

Mwaka huu kamati ilimchagua mrithi: mimi, Twalib, fundi wake wa mabomba. Wengine walinung'unika, eti ufunguo umepiganiwa vile, leo unarudi kwa mwanamume? Mama Auleria naye alikuwa na hofu, na hakuificha: aliogopa usije ukarudi mfukoni. Akanipa sharti. Mwezi mzima nibebe maji kichwani kutoka bombani mpaka kwangu, bila mkokoteni wala bodaboda.

Siku ya kwanza nililowa mpaka soksi. Mke wangu Naima alinipokea mlangoni kwa vigelegele vya kunisanifu, majirani wakatoka kushuhudia. Shingo iliniuma wiki nzima, lakini nilijua nitauzoea mzigo, nikaona sharti lenyewe si kitu.

Wiki ya mwisho, bomba halikufunguliwa. Saa kumi na moja ikapita, saa kumi na mbili ikapita. Nilisimama na ndoo yangu tupu katikati ya foleni, nikapandwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua maishani mwangu. Kulipopambazuka kabisa Mama Auleria akatokea, akanitazama usoni, akacheka. Wanawake wote wakacheka naye, kumbe waliambiwa tangu jana yake. Ndiyo siku pekee aliyochelewa katika miaka thelathini. Alisema sasa naweza kukabidhiwa.

Mama, asante. Machozi yananilenga na siyaonei haya. Pumzika, ule ugali wa Mwalimu kwa afya njema, wajukuu wakuzunguke. Kesho alfajiri ukija na ndoo yako, panga foleni kama wenzako. Utakuta nimeshafungua.