Risala ya Wachanganyaji kuhusu Nyekundu Namba 47

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu, Mzee Kuramochi. Wakuu wa idara. Wenzetu wa zamu zote mbili.

Karibu katika chumba cha kuchanganyia rangi. Leo tulipaswa kusoma risala ya miaka arobaini ya kiwanda. Tulishaiandika, na ilikuwa nzuri kweli. Tumeiweka kando, maana tangu Jumanne hatujielewi.

Historia

Miaka sita iliyopita ililetwa rangi nyekundu namba 47. Badala ya kuipima kwa bakteria, kuona kama inaharibu vinasaba vyao, ofisi iliiuliza kompyuta, inayolinganisha umbo la kemikali mpya na zile zinazojulikana kuleta saratani. Fomu ikarudi: "Haina madhara." Mwenzetu Orie Tsukuda akawa anatutania tukivaa glavu mbili: "Nyie mnaogopa nini? Mashine imesoma kuliko shangazi zenu wote!"

Mafanikio

Hatujawahi kuchelewesha mzigo hata mmoja. Zamani tulilisema hilo kwa fahari.

Changamoto

Mwezi uliopita Orie alikojoa damu. Ni saratani ya kibofu. Jumanne, wakati wa chakula, Bwana Hirota wa kompyuta akaja hapa, akapiga magoti, paji la uso sakafuni.

"Jamani, mashine haikusema ni salama. Ilisema haijawahi kuona kemikali ya namna hii, haijui."

"Sasa mbona fomu inasema haina madhara?"

"Fomu ina visanduku viwili tu: inayo, haina. Bosi akaniambia, we Hirota, mashine imesema inayo? Haijasema. Basi weka haina."

Loo! Tuliuacha wali mezani. Tukaiomba hiyo fomu. Ina mihuri saba ya majina ya wakuu, kila mmoja umeinamishwa kwa adabu kuelekea wa mkubwa wake, hadi wa mwisho uliosimama wima, ambao ni wako, Mzee. Hakuna aliyesoma karatasi ya jibu la mashine iliyoambatanishwa nyuma ya fomu.

Maombi

Namba 47 isimamishwe leo, si Jumatatu. Ipimwe kwa bakteria. Siku tatu zinatosha. Na sisi kumi na saba tuliobaki tupimwe mkojo.

Orie naye ametuma neno kutoka hospitali: "Mwambieni Mzee asiniletee maua. Agonge muhuri."

Karatasi ya maombi haya iko mezani mbele yako. Ina mihuri yetu kumi na minane, wa Orie ukiwamo. Tumeigonga yote wima, hakuna uliomwinamia mtu. Nafasi yako tumeiacha wazi. Tafadhali, Mzee, safari hii soma kwanza.

Tunakutakia afya wewe na wa nyumbani kwako, na Orie wetu arudi.

Ni sisi, wachanganyaji wa rangi, Kiwanda cha Asanuma.
Imesomwa na Mitsue Hoshikawa.