Kiganja Kwenye Saruji

Muuguzi aliyetoka zamu alijifanya amesinzia kwenye treni ya asubuhi, kumbe masikio yamesimama wima. Mbele yake binti mwenye helmeti mapajani alikuwa akimweleza jirani yake wa kitini, mwashi mzee, kwamba anakwenda kukarabati mnara wa mawe wenye miaka elfu mbili.

"Umedumu kwa chokaa, mzee wangu," alisema binti. "Kisha fundi mmoja akaja akaziba nyufa kwa saruji. Sasa ukuta haupumui, maji yamenaswa ndani, mawe yanameguka. Leo tunaibandua yote."

"Fundi huyo alikuwa na nia njema."

"Nia njema haishiki jiwe, mzee."

Wala haiponyi kidonda, aliwaza muuguzi, akazidi kufumba macho.

"Mwaka ule mvua ilikuwa inaubomoa, mwanangu. Bila saruji ile, leo ungekuta kifusi."

"Wewe umejuaje?"

Treni ilianza kupunguza mwendo. "Upande wa mlango utakuta kiganja kimechapwa kwenye saruji," alisema mzee. "Ni changu."

Binti aliivaa helmeti yake. Treni iliposimama walishuka pamoja, na mkoba wa mzee ulipogonga mlango, muuguzi alisikia nyundo na tindo zikigongana ndani yake.