Sista Wamaitha na Jicho Moja la Mzee Dishon

Ifikapo tarehe 30 Juni 1979, Sista Dorca Wamaitha atavua kofia yake nyeupe baada ya miaka kumi na tisa katika wadi yetu ya macho. Alikuja Kisumu kumfuata mumewe, Bwana Kangethe, mwenye duka la nguo, wakapanga nyumba mtaani Kaloleni. Kidholuo alifundishwa na wagonjwa, na mpaka leo anakizungumza kwa lafudhi ya Murang'a bila aibu hata kidogo.

Waliotolewa mtoto wa jicho wanamjua kwa mkono mwepesi na mdomo usiolala. Madaktari nao wameuonja mdomo huo.

Mwaka 1971 alipasuliwa Mzee Dishon, mkulima wa karibu na Sondu. Jicho lake la pili lilikuwa limekufa zamani, kwa hiyo hili lililopasuliwa ndilo lililokuwa tegemeo lake. Alirudi nyumbani akiona vivuli tu, maana miwani ya kuvaa baada ya upasuaji ilikuwa haijafika, akakuta mtama unapurwa. Mtu aliyekaa gizani miaka mingi utamwambia nini? Alikaa katikati ya makapi akifurahia mavuno yake. Baada ya majuma machache jicho likawa jekundu, likauma, na doa jeupe likatokea kwenye kidonda. Daktari akasema ni kuvu, na huenda iliingia na vumbi la mtama.

Dawa ililetwa kwa gari moshi kutoka Nairobi. Sista aliahirisha likizo, akawa anaidondosha mwenyewe, kila tone na karipio lake. Mzee alipoomba ruhusa ya kwenda kwake kidogo tu, alijibiwa: "Mzee, mtama itakungoja. Hii macho haitakungoja." Tuliogopa sana, kwa kuwa doa lilikataa kupungua. Hatimaye likaanza kufifia.

Tangu hapo, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, Sista huwauliza jamaa zake kama kuna nafaka uani. Ikiwapo, mgonjwa atakaa kwa ndugu wa mjini mpaka kupepeta kuishe. Wazee wamenung'unika, lakini kuvu imekuwa nadra.

Miwani ya Mzee Dishon ilipofika, aliivaa akamtazama huyo mwanamke mfupi, mwembamba, kutoka juu hadi chini.

"Kumbe ni wewe, Mama," akasema. "Mimi nilifikiria ni mtu kubwa."

Akamshika mikono, wakalia wote wawili. Nasi tulilia.

Asante, Sista. Nenda ukapumzike, tunakuombea afya, amani nyumbani, na miaka mingi ya kuwatazama wajukuu wako wakikua.