Mpangaji wa Nane wa Zuzana

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, mkabala na kanisa la Kislovaki, katika mji wa makaa ya mawe huku Pennsylvania, Marekani. Jumapili baada ya misa tunakaa hapo na birika la kahawa: mimi, fundi viatu; Stefan, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja; Mihal, jina lake la utani Kaburi, maana huchimba makaburi; na mjane Zuzana, anayepangisha vyumba kwa wachimba makaa. Aprili ile ya 1910 serikali ilikuwa ikihesabu watu. Karani wa sensa, Bwana Pruitt, alinijia pale benchini na karatasi zake, kwa kuwa najua Kiingereza. Alitaka nimwandikie vizuri jina la kijiji kimoja cha kwetu. Alipoondoka, wenzangu wakanitazama.

— Mbona umekuwa mweupe kama unga? Wakili akauliza.

— Zuzana, una wapangaji wangapi? nikauliza.

— Saba. Unataka kuhamia?

— Karani ameandika wanane. Wa nane ni Juraj Brezina. Miaka ishirini na minne, kazaliwa Hungaria, lugha Kislovaki.

Vikombe vikabaki mikononi. Juraj, aliyekuwa mpangaji wa Zuzana, alifukiwa mgodini Desemba iliyopita, dari lilipoporomoka. Siku tatu tulisikia akigonga mwamba. Siku ya nne gesi ikazidi, tukaamriwa kuziba njia ile, naye angali ndani. Wakili alibeba matofali. Kaburi alikoroga saruji. Mimi nilishika taa. Huwa hatuliongelei.

— Karani kalewa, Wakili akasema.

— Pruitt hagusi pombe.

— Basi kuna mjanja kaiba jina apate kibarua. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Wewe nawe, methali hiyo haifai hapa, Kaburi akamwambia. Huyu hayupo na lake lipo, limeandikwa kwa wino. Mimi naona alitoka. Kule chini kuna mashimo ya zamani, yanaungana mpaka ng'ambo ya mlima. Mfa maji haachi kutapatapa.

— Maji yametokea wapi? Alifukiwa na mawe.

— Mawe, maji, kufa ni kufa.

— Si umesema alitoka?

Zuzana alikuwa akiuvuta ukingo wa kitambaa chake cha kichwa.

— Kuna kitu sijawaambia, akasema. Tangu Januari nakata mkate vipande vinane. Najiambia saba, mkono unakata vinane. Nikirudi kukusanya sahani, vyote vimeliwa.

— Mmoja wao mlafi, mama.

— Nimewauliza, Stefan. Kila mmoja anaapa kala kimoja.

Ndipo nikawaambia yaliyobaki. Pruitt alimkuta mtu huyo wa nane amekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya Zuzana, na nguo za kazi, akamjibu kwa Kiingereza kile kibovu nilichomfundisha mimi. Alipoandika Hungaria, kama anavyotuandika sisi sote kwa kuwa ndiyo inayotawala kwetu, yule mtu aliweka kidole kwenye karatasi. Akasema: Hungaria ni kubwa, watanitafutaje? Andika kijiji, Dolinka. Alama ya kidole niliiona, nyeusi ya makaa.

— Na alipoulizwa kama ana kazi? Wakili akauliza kwa sauti ndogo.

— Alisema yupo kazini. Anagonga.

Wakili akageuka kutazama barabarani. Msichana alikuwa ametokea njia ya stesheni, amebeba furushi, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Akatuamkia kwa Kislovaki cha kwetu kabisa.

— Samahanini. Naitwa Marka, natokea Dolinka. Namtafuta kaka yangu, Juraj Brezina. Barua zake zimekatika tangu Krismasi.

Wakili akaweka kikombe chake chini. Akatutazama mmoja mmoja, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa.

Zuzana akainuka, akamshika mkono.

— Njoo kwanza ule, mwanangu.

Marka hakusogea.

— Mmemzika wapi? akauliza.

Sote tukamgeukia Kaburi, anayejua kila mtu alipolala katika mji huu. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, macho chini.

Marka akauliza tena, taratibu zaidi, kama anayedhani hatukumsikia.