Gari la Wale Wengine

Asubuhi moja ya Juni 2009, ndani ya basi la barabara ya Gratiot, Detroit, nilikaa nyuma ya mzee aliyekuwa akisoma tangazo la magari ya kampuni pinzani. Mama aliyekaa kando yake, upande wa njia, alilichungulia, akakunja uso.

"Unanunua gari la hao? Na koti lako lina nembo ya kampuni yetu!"

"Kampuni hiyo nimeifanyia kazi ya kufunga milango ya magari miaka thelathini na moja, dada," mzee alisema. "Sijawahi kuendesha gari la kampuni nyingine. Serikali imeiokoa isifilisike kwa mabilioni ya kodi zetu, nayo imekifunga kiwanda changu. Hawa wengine hawakuchukua hata senti."

"Unadhani unawakomoa wakubwa? Unamkomoa binti yangu Latrice! Yuko kiwandani mpaka leo, anafunga breki. Msiponunua magari yetu, kesho yuko nyumbani na watoto wawili."

"Mimi nilipofukuzwa, nani alinunua?"

"Mimi! Mwezi uliopita, jipya kabisa!"

"Mbona basi uko humu na sisi?"

"Latrice ndiye anayeenda nalo kazini!"

Katika mji huu wa viwanda vya magari, watu wanaweza kusameheana usaliti wa ndoa, lakini si wa gari.

Basi likasimama mbele ya duka la magari la wale wengine. Mzee aliinuka, uso umemwiva kwa hasira.

"Nipishe nishuke."

Mama hakusogeza magoti. "Niangalie kwanza, uniambie Latrice afanye nini."

Dereva alifungua mlango, akauliza nani anashuka. Mzee alibaki amesimama, tangazo mkononi, magoti ya mama yakiwa bado yamemzibia njia.